Kashinje au Kashindye

Nyasubi,
Kahama.
8 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Kashindye,

Shikamoo sana Shangazi, na shikamoo ya pili ni ya mjukuu wako ambaye bado hajui kusema. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Mbinga? Najua mwezi huu wa sita hata maji ya kunawa uso yanauma. Na Baba Fredy, kifua chake kimetulia? Kahawa mmeanza kuchuma, au bado mnasubiri iive vizuri?

Sisi huku tupo. Mtoto ananyonya, anaongezeka uzito, juzi kliniki wamemsifia. Baba yake anatembea kwa magongo. Mimi kazi ya cherehani nimeanza tena, kidogo kidogo, nusu siku tu. Ila moyoni sijatulia, Shangazi, na sitatulia mpaka nipate majibu yako.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mwanao Fredy ameniambia sikio lako la kushoto limezidi kuwa zito, na haya ninayotaka kukuambia sipendi yapigiwe kelele uani kwako huku majirani wanasikiliza. Naomba uvae miwani usome mwenyewe. Ukikasirika katikati, tafadhali usiikunje barua, fika mwisho kwanza.

Fredy alikueleza kwamba mtoto alizaliwa tarehe 11 Machi, akitanguliza miguu. Nilimwambia hivyo tu, sikutaka kukutia wasiwasi. Ukweli ni kwamba ilibaki kidogo tumkose. Nilishikwa na uchungu asubuhi, hadi alasiri bado. Mkunga aliponipima nikaona uso wake umebadilika, akamwita mwenzake, nikamsikia akinong'ona, "Ni miguu hii." Mtoto alitoka miguu, akatoka kiwiliwili, kisha kichwa kikakwama. Sijui kilikwama kwa muda gani. Nilichokuwa nakisikia ni sauti yangu mwenyewe na ile feni ya darini. Alipotoka hakulia. Walimsugua, wakamsugua, hadi akatoa kilio chembamba kama cha paka mdogo.

Yule mkunga alijifuta jasho akaniambia, "Huyu hana haja ya kutafutiwa jina. Amekuja nalo."

Kweli, huku nani asiyejua? Anayetanguliza miguu ana jina lake, na ndilo lako. Na mimi hata kabla sijashonwa nilikuwa nakuwaza wewe. Nilikumbuka ukuta wa jiko letu la Ushirombo, ulivyokuwa unaniandikia kwa mkaa kabla sijaanza shule, mama yangu akiwa ameshafariki na wewe umebaki ndiye mama. Neno la kwanza ulilonifundisha halikuwa "mama" wala "baba". Lilikuwa jina lako. Ile D na ile Y zilinitesa. Nilikuwa naruka moja, nawe unafuta kwa tambara, unaniandikia upya, "Zote mbili, Salvina, usiache hata moja."

Ndiyo maana siku ile ile nilimwambia Fredy akufikishie ujumbe: ataitwa Kashindye, herufi kwa herufi kama wewe. Fredy akasema ulilia kwa furaha. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na sijaisahau.

Mama mkwe wangu, anayekaa Ngokolo kule Shinyanga mjini, naye alipiga simu jioni ile kumpongeza mwanawe. Akauliza mtoto amekujaje. Alipoambiwa, akasema, "Basi ni Kashinje." Wao Wasukuma ndivyo wanavyolitamka. Nililiona ni jambo dogo. Nikajisemea, yeye ataita anavyoita, mimi nitaandika ninavyoandika.

Sasa nikueleze lililotupata siku tisa baadaye.

Mume wangu wewe unamjua kama Mwigulu. Ndivyo nilivyomtambulisha kwenu na ndivyo ninavyomwita hadi leo. Kwenye kitambulisho chake kimeandikwa Ng'wigulu, Kisukuma chenyewe. Tangu tuoane sikuwahi kufikiri hayo ni majina mawili.

Alikuja kumwona mtoto, akakaa siku nne, akarudi machimboni upande wa Geita. Tarehe 20 mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima. Boaz, mwenzake wa kazi, alinipigia mchana. Alikuwa anahema. Akasema duara lao, yaani shimo wanalochimba, limeporomoka, matimba, zile nguzo za kuzuia kuta, yameachia upande mmoja, watu saba walikuwa chini, na yeye alikuwa juu kwenye winchi. Nikamuuliza, "Mwigulu?" Akasema, "Shemeji, wanachimba. Tuombe Mungu." Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupatikana.

Shangazi, nilikuwa na nyuzi bado. Sikuweza hata kukaa vizuri, sembuse kupanda gari kwenda Geita. Nilimkumbatia mtoto nikawa natembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni.

Asubuhi yake Apolonia, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaja na simu yake kubwa. Karatasi ya majina ya waliopokelewa hospitali ilikuwa imepigwa picha na kuanza kuzunguka kwenye makundi ya simu. Majina matano. Apolonia ni mtu wa Kigoma, mwema sana, ameniogeshea mtoto tangu siku ya kwanza. Akapitisha kidole toka juu hadi chini, akarudia. Akaniangalia. "Mwigulu simwoni, dada."

Mimi mwenyewe niliishika ile simu nikaangalia. Picha ilikuwa na ukungu, na macho yangu yalikuwa yamejaa machozi. Nilitafuta M, Shangazi. M tu. Nikaona Mabula, nikaona Masele, sikuona Mwigulu. Tukapiga namba iliyokuwa chini ya karatasi. Aliyepokea akauliza jina, nikamtajia. Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Mwigulu hayupo hapa. Wawili bado hawajatolewa."

Basi tukajua. Majirani wakaanza kuingia. Mtu akatandika mikeka uani, mwingine akaleta sufuria kubwa. Hakuna aliyetamka neno msiba, lakini kila mtu alikuwa anafanya kazi za msiba. Ikapita siku hiyo. Maziwa yangu yakapungua, mtoto akawa analia na mimi sina cha kumpa, na nilianza kumwogopa mwanangu mwenyewe, nikifikiri ameingia duniani kwa mguu mbaya.

Kesho yake asubuhi mama mkwe akafika na basi la kutoka Shinyanga, kanga imefungwa kiunoni. Hakulia. Alikaa chini, akamchukua mtoto, akauliza nani amesema mwanawe amekufa. Apolonia akamweleza habari ya ile orodha.

Mama mkwe hajui kusoma. Akasema, "Nisomee."

"Mama, nimeshaisoma mara nyingi."

"Mimi hujanisomea."

Apolonia akaanza kusoma jina moja moja. Boniface fulani. Mabula. Masele. Ngwigulu. Hapo alilisoma kama linavyosomwa na mtu asiyelijua, kila herufi na sauti yake, N halafu GWI, likatoka kama jina la kigeni kabisa. Kumbe alikuwa ameliona tangu jana akalipita, hata mimi huenda nililipita.

Mama mkwe akainua mkono. "Hilo. Rudia hilo."

"Nn-gwi-gulu."

"Ng'wigulu!" Alilitamka kwa pua, kama wanavyolitamka wenyewe. "Wewe mtoto, huyo ni mwanangu. Ng'wigulu wa nani hapo?"

Apolonia akaikuza picha. Jina la pili lilikuwa limekunjwa kwenye pindo la karatasi. Tulichoweza kuona ni "Mag". Mageni ni jina la baba mkwe.

Tukapiga tena ile namba. Safari hii mama mkwe alitaja mwenyewe, na mimi nikamwandikisha yule mtu herufi moja moja, N, G, W. Akasema subirini. Tukasubiri. Akarudi akasema yupo, wodi ya wanaume, mguu wa kulia umevunjika sehemu mbili, tangu juzi anauliza kwa nini mkewe haji.

Mama mkwe alikaa pale pale chini akafunika uso kwa kanga ndipo akalia. Watu wale wawili ambao hawakuwa wametolewa, Shangazi, walitolewa baadaye wakiwa wameshafariki. Nawaombea kila Jumapili. Mikeka yangu ilikunjwa, ya kwao ikatandikwa, na sijui kwa nini iwe hivyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu mwingine kuhusu majina. Nimetoa karatasi zote za ndani nikazikagua. Cheti changu cha ubatizo kimeandika Salivina. Kadi ya kliniki niliandikwa Selvina, na mimi nilikuwa naipeleka kila mwezi bila kujali. Mwigulu akaniambia nitapata ugonjwa. Lakini nikimwangalia mtoto nafikiri, siku moja naye jina lake litasomwa na mtu asiyemjua, mahali ambapo mimi sipo. Je, atapatikana?

Mwezi wa nne katikati likafika lile shuka ulilomdarizia, KASHINDYE kwa uzi mwekundu, na maua mawili pembeni. Nililifungua mbele ya mama mkwe, maana alibaki nasi kumuuguza mwanawe. Akalishika, akalisifia, akauliza pale pameandikwa nini. Nikamsomea. Akasema taratibu, "Lakini sisi hatumwiti hivyo." Akalikunja vizuri akanirudishia.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, ingawa hakuna aliyepaza sauti. Mimi nikimwita mtoto Kashindye, yeye kutoka jikoni anaitikia kwa kumwita Kashinje. Wiki nzima hivyo. Mwigulu akiwa amelala na mguu wake umefungwa vyuma anatusikiliza. Siku moja akasema kwa hasira kwamba yeye amechoka, tuyaache majina ya kutatanisha, mtoto aitwe Loveness, jina ambalo kila mtu anajua kuliandika.

Mama mkwe akamjibu, "Binti wa jirani yangu Ngokolo ni huyo huyo Loveness, na shuleni wamemwandika Lavunesi."

Tulicheka sote, hata yeye Mwigulu, hadi mguu ukamuuma. Lakini baada ya kicheko niliingia chumbani nikakaa kitandani. Niliona kwamba nikiendelea kuvutana na huyu mama, jina lenyewe litapotea, na wewe utakuwa umepoteza wajina kwa sababu ya herufi mbili.

Nilitaka mtoto awe na cheti kabla hajafikisha miezi mitatu. Nikapanga kwenda kumwandikisha Alhamisi hii iliyopita, tarehe 6. Nilichukua kikaratasi nikaandika yote mawili, moja juu, moja chini, nikakitia kwenye pochi. Nilikuwa nimeamua, Shangazi. Niliamua Kashindye. Nilijiambia mimi ndiye mama, na ahadi ni ahadi.

Mama mkwe akasema anakuja pamoja nami, atambeba mtoto. Sikuweza kukataa. Tulikuta foleni, tukakaa kwenye benchi la nje, watu kama kumi mbele yetu. Nilikuwa nimeishikilia pochi kama nimeiba kitu. Najua alikuwa anaona.

Kisha akaniambia, bila kunitazama, huku anampangusa mtoto mate, "Mwigulu si mtoto wangu wa kwanza."

Sikuwa najua. Hata Mwigulu mwenyewe, nimemuuliza jana, hakuwa anajua.

Akasema wa kwanza alikuwa wa kike. Alizaliwa shambani, wakati wa kuvuna mtama, mbali na kila mtu isipokuwa mama yake mzazi. Alitanguliza miguu. Wakamwita Kashinje. Aliishi hadi akaanza kukaa mwenyewe na kupiga makofi, kisha akapata homa, na siku walipokuwa wanajiandaa kumpeleka zahanati akafariki mgongoni. "Hakuna kadi," akasema. "Hakuna cheti, hakubatizwa, hakuna picha. Baba yake ameshakufa, mama yangu ameshakufa. Nimebaki mimi tu ninayejua kwamba alikuwepo. Nikifa mimi, basi."

Nikamuuliza, "Mama, mbona hukusema siku zote hizi?"

Akasema, "Ningesema ungeona nakulazimisha. Hata sasa sikulazimishi. Ulilia kwa ajili ya mwanangu kama ulivyolia, nimekuona. Andika unavyotaka, mwanangu. Mimi nimetaka tu mtu mwingine ajue."

Tukaitwa.

Mwandikishaji alikuwa mama mmoja mtulivu, amevaa miwani kama yako. Akauliza jina la mtoto. Nilitoa kile kikaratasi, nikakiangalia, nikakikunja. Akauliza tena. "Linaandikwaje, mama?"

Nikamtajia: K, A, S, H, I, N, J, E.

Na jina la baba nikasimama kabisa nikainama juu ya meza, nikahakikisha ameweka ile alama ya juu kati ya G na W. Akanicheka kidogo. Nikamwambia aniwie radhi, nina sababu.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto. Alisubiri hadi yule mama akaweka kalamu chini, kisha akauliza, "Ameshaingia?"

"Ameshaingia, bibi."

Akasema "Wabeja," ambayo kwao ndiyo asante, akatoka nje na mtoto. Nilipomfuata nilimkuta amesimama kwenye jua, anamwonyesha mtoto barabara, anamwambia maneno ambayo sikuyaelewa.

Shangazi wangu, sasa unajua. Nimevunja ahadi niliyokupa. Siku mbili hizi sijala vizuri. Najiuliza kama nimemwonea huruma mtu aliyekuwa karibu nami, nikakusahau wewe uliye mbali. Najiuliza kama utaona nimekufuta na kumwandika mtu mwingine, baada ya yote uliyonifanyia. Nimefikiri hivi, na uniambie kama nimekosea: wewe umeandikwa, Shangazi. Umo kwenye kitabu cha parokia Ushirombo, umo kwenye kitambulisho chako, umo kwenye cheti cha ndoa na Baba Fredy, na mimi nilijifunzia kusoma kwa jina lako. Yule mtoto hakuwa mahali popote. Nikaona nimpe nafasi.

Na ukitamka majina yote mawili kwa haraka, hayatofautiani sana. Lakini najua hiki ni kisingizio, na wewe hukunifundisha visingizio.

Baba nilimpigia Ushirombo kumwuliza kama utakasirika. Akasema dada yake anamjua, utakaa kimya siku tatu kisha utasema. Hizo siku tatu ndizo ninazoziogopa. Tafadhali zikiisha, mwambie Fredy apige, hata kama ni kunigombeza. Na kama moyo wako utakubali, uje mwezi wa nane tumbatize. Nataka uwe wewe utakayemshika kisimani. Mama mkwe ndiye aliyelitoa wazo hilo, si mimi. Alisema mtoto mwenye bibi wawili waliogombania jina lake hawezi kukosa watu duniani. Anataka akuone uso kwa uso.

Mwigulu anakwenda kuangaliwa mguu tarehe 20. Anazungumzia kurudi machimboni, nami namnyamazia kwa sasa. Niombee katika hilo pia, maana sijui nitamzuiaje.

Nisalimie Baba Fredy, mwambie ajifunike kifua asubuhi. Msalimie Fredy na mkewe Wema, na watoto wao. Baba anakusalimu, Apolonia anakusalimu ingawa hamjaonana, na mama mkwe amesema niandike shikamoo yake japo anaamini ninyi ni rika moja. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akutunzie macho ili uendelee kusoma, na akutunzie moyo ule ule ulionilea.

Mimi mwanao nikupendaye, leo nikiwa na hofu,

Salvina,
Mama Kashinje